Sura ya Sita: Toleo la Nne

"Nisomee tena," Inspekta Kokushubila alisema. "Vilevile mlivyosoma Jumanne."

Meza ya chumba cha mahojiano ilikuwa tupu. Sekela Mwaipopo alijifuta uso kwa kiganja, akaweka kidole cha shahada karibu na ukingo wa mbali wa meza, kana kwamba kuna karatasi imetandazwa pale.

"Moja, zima pampu. Mbili, funga koki zote, weka kufuli. Tatu, fungua mfuniko. Nne, washa feni, acha hewa ipite mpaka harufu ipungue, na mtu mmoja abaki juu muda wote. Tano, vaa buti na glavu. Sita, funga kamba kiunoni. Saba, shuka."

Kwa kila namba kidole kilisogea kidogo upande wake na kugonga mbao. Baada ya nne kiliruka mbali, halafu kikarudia mwendo wake wa mwanzo.

"Mbona hapa umeruka?"

"Ya nne ndefu, afande. Ina mistari mitatu."

"Na kwa nini mnagusa?"

"Mashine zina kelele. Mtu akisoma humsikii, unamwangalia kidole. Akigusa namba sie tunanyanyua dole gumba, ndo anashuka namba nyingine. Hatuanzagi kazi bila hivyo."

"Kupima hewa iko wapi?"

"Haimo."

"Karatasi iliyopo ukutani inasema hatua ya tatu ni kupima hewa. Mwenzangu aliiona Jumatano asubuhi."

"Haimo, afande!" Sekela alipiga meza kwa kiganja, akajishtukia, akairudisha mikono mapajani. "Tupime kwa kutumia nini? Kifaa chenyewe hatuna. Mie nilishasema kikaoni mwaka jana, siku niliyopata kizunguzungu juu ya lile tanki. Wakasema wataangalia. Basi, ikaishia hapo."

Kila mtuhumiwa aliyewahi kukaa kwenye kile kiti alikuwa ameshasema kitu fulani mahali fulani, na siku zote hapakuwa na aliyesikia.

Jalada lilikuwa limeshafungwa na mwenzake. Yeye aliletewa asubuhi hiyo alipitie tu kabla halijaenda mahakamani. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumanne, katika kiwanda cha mafuta ya kula cha Alizeti ya Kusini kule Mbagala, mfanyakazi aitwaye Mudathir alishuka kwenye tanki la mashapo kulisafisha, akaanguka humo humo. Sekela, msimamizi wa zamu, alimfuata, naye akatolewa kwa kamba akiwa hajitambui. Mudathir hakufika hospitali akiwa hai. Siku hiyo polisi waliandika "amezidiwa ghafla" wakaondoka. Jumatano, ndugu walipogoma kuzika bila kupewa majibu, daktari akasema ni hewa chafu, na meneja wa kiwanda akasema kiwanda kina mwongozo wa kuzuia hilo, umebandikwa ukutani, ila msimamizi aliupuuza. Jioni Sekela akawa mahabusu. Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia.

Koplo Bakari alichungulia mlangoni. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Mbagala, karibu na kustaafu, na alikuwa na tabia ya kuleta habari mbaya kwa upole.

"Afande, mwendesha mashtaka kapiga. Huyu mama anasomewa mashtaka leo saa nane. Jalada analitaka kabla."

Sekela aliinua kichwa. Walikuwa wamemvua viatu kama wanavyovuliwa mahabusu wote, na vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja juu ya sakafu ya baridi.

"Nikipelekwa gerezani, wanangu nani atawaambia sikumuua Mudathir?" aliuliza. "Mtaani wameshaanza kusema."

"Mzee Bakari," Inspekta alisema huku akisimama, "washa gari. Twende Mbagala."

*

Nje ya geti la kiwanda Bakari aliomba dakika moja. Inspekta alimtazama kwa hasira, lakini alikuwa anajua kwamba kumbishia Bakari kuhusu chakula kunachukua muda mrefu kuliko chakula chenyewe.

"Shikamoo kaka Bakari," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma ya karai la bagia. "Shikamoo dada."

"Marahaba, Naima. Nipe za buku, na pilipili usinionee huruma."

Naima alichomoa karatasi kwenye rundo lililokuwa chini ya jiwe, akaikunja, akajaza bagia. Bakari alirudi akitafuna. Mafuta yalikuwa yameanza kupenya kwenye karatasi, na Inspekta aliona jedwali la majina na zamu lililochapwa kwa kompyuta. Kila muuza bagia wa Dar anafungia makaratasi ya ofisi ya mtu. Hakulitilia maanani.

Meneja wa kiwanda, Edgar, aliwapokea getini kwa kofia ngumu nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kukubaliwa. Pembeni yake alisimama mwanamume mwembamba aliyekumbatia faili. Aliitwa Gaspar, na kazi yake ilikuwa karani wa nyaraka.

"Hapa hakuna cha kuficha, Inspekta," Edgar alisema wakitembea. "Mwezi wa tano tulipokea wanunuzi kutoka nje. Unaona ukuta huu? Rangi ya mwezi wa tano. Mbao za matangazo, mwezi wa tano. Hata mifuko ya plastiki ya kuwekea miongozo, yote nilitupa, nikaweka mipya. Nilisimamia mwenyewe, mfuko mmoja mmoja."

"Hata ule wa kwenye tanki?"

"Ule ndio wa kwanza. Wageni walianzia pale."

Kelele za mitambo ya kukamua ziliwafikia kabla hawajakata kona. Walipofika kwenye tanki la mashapo ilibidi Edgar apaze sauti, na Inspekta akaelewa kwa nini watu hawa walikuwa wanasomeana kwa kidole. Utepe wa polisi ulikuwa umelegea na kugusa sakafu. Kwenye ukuta, usawa wa macho, kulikuwa na ubao, na kwenye ubao mfuko wa plastiki uliokazwa kwa skrubu nne, na ndani ya mfuko karatasi.

MWONGOZO WA KUSAFISHA TANKI LA MASHAPO. Toleo la 4. Linaanza kutumika: 3 Machi. Chini kulikuwa na hatua tisa zilizopangwa kwa nafasi zilizo sawa, na ya tatu ilisema: Pima hewa kwa kifaa. Kikilia, hakuna kushuka. Pembeni uligongwa muhuri mwekundu wa nakala halali.

"Umeona mwenyewe," Edgar alisema. "Kila kitu kipo. Kama mtu hataki kusoma, mimi nitamsomea?"

Inspekta aliwasha tochi ya simu akaielekeza kwenye mfuko kutoka ubavuni. Karatasi iliyokuwa ndani ilikuwa nyeupe kabisa. Plastiki ilikuwa na ukungu wa mafuta, na upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, ilikuwa na madoa ya mviringo yenye ukubwa wa ncha ya kidole, yaliyosuguliwa mpaka yakageuka kahawia. Alisogeza uso karibu, akayafuata moja baada ya jingine, akazima tochi.

"Mfuko huu umebadilishwa tena baada ya Mei?"

Edgar alimtazama Gaspar. Gaspar alikohoa. "Hapana, afande. Stoo hawatoi mfuko mpya mpaka urudishe wa zamani uliochanika. Huu haujachanika. Sisi tunabadilisha karatasi tu."

"Na kifaa cha kupimia hewa?"

Meneja alituma mtu ofisini kwake. Kilikuja ndani ya boksi. Inspekta alikigeuza geuza. Juu ya kioo chake kulikuwa na karatasi ya nailoni ile inayokuja na kitu kipya. Aliinua kona yake kwa ukucha, akaiachia.

"Mnacho tangu lini?"

"Tangu toleo lilipoanza. Machi."

"Mnakitunza vizuri," Inspekta alisema.

*

Ofisi ya Gaspar ilikuwa chumba chembamba kilichojaa makabati, na kompyuta yake ilihifadhi historia ya kiwanda kizima kwa namna ambayo ingemtoa machozi mtu yeyote mpenda utaratibu. Mwongozo wa tanki peke yake ulikuwa na faili zaidi ya kumi. Kulikuwa na MWONGOZO_MWISHO, MWONGOZO_MWISHO_KABISA, MWONGOZO_MWISHO_KABISA_2, na moja iliyoandikwa HUU_NDIO_WENYEWE.

"Na wenyewe ni upi?" Inspekta aliuliza.

"Si huo," Gaspar alisema, akaona aibu. "Yaani, huo ulikuwa wenyewe zamani."

"Nieleze kazi yako. Toleo jipya likitoka unafanya nini?"

Hapo Gaspar alipata nguvu kidogo. Alieleza kwamba toleo likishaidhinishwa hulichapa, hugonga muhuri, huzunguka nalo kila lilipobandikwa la zamani, huchomoa, huchomeka jipya, hukusanya yale ya zamani yote na kuyaharibu, na kila mfanyakazi anayehusika husaini kwamba amelisoma.

"Unayaharibu kwa kutumia nini? Mashine?"

"Ndiyo, mashine. Ya kukatia karatasi."

"Iko wapi?"

"Imeharibika."

Alifungua faili lake, akamkabidhi kabla hajaulizwa zaidi. Mwongozo toleo la nne, karatasi ya kwanza. Karatasi ya pili ilikuwa ya saini za wafanyakazi wa tanki. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na saini ya Sekela, imejaa na inasomeka. Chini yake Mudathir alikuwa amesaini kwa herufi kubwa.

Bakari aliisoma juu ya bega la Inspekta, na bagia yake ya mwisho ikakosa ladha. "Duh. Afande, basi tena. Kasaini huyu. Katudanganya mchana kweupe, na lile chozi lote."

Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa sita. Kama Sekela alisaini toleo la nne, basi alilijua, na kama alilijua, mengine yote yalikuwa maneno. Inspekta aliigeuza ile karatasi ya saini. Haikuwa na tarehe. Haikuwa na namba ya toleo. Majina na saini tu. Aliirudisha chini ya karatasi ya kwanza, akainua kona iliyobanwa kwa pini.

"Mzee Bakari, njoo dirishani. Karatasi ya mwongozo ina matundu mangapi ya pini?"

"Mawili."

"Ya saini?"

Bakari aliinyanyua kwenye mwanga, akakunja jicho. "Manne. Mawili ya hii pini ya sasa, na mawili pembeni."

"Kwa hiyo ilishabanwa na karatasi nyingine, ikabanduliwa, ikabanwa na hii." Alimgeukia Gaspar. "Walisaini toleo gani?"

Gaspar alifungua mdomo. Edgar alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

"Pini zinachomoka, Inspekta," Edgar alisema. "Karani anabana upya. Hiyo nayo ni kosa la jinai siku hizi?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Si kosa."

Alikuwa na madoa ya plastiki, kifaa ambacho nailoni yake haijabanduliwa, na matundu mawili ya ziada. Wakili yeyote aliyekunywa chai vizuri asubuhi angevipangusa vyote kwa dakika moja. Alichokuwa anakihitaji ni toleo la tatu lenyewe, na toleo la tatu liliharibiwa kwa mashine iliyoharibika.

Macho yake yakaangukia mkononi mwa Bakari, kwenye ile karatasi iliyolowa mafuta ya bagia.

"Nipe hiyo."

"Afande, nimeshamaliza, hamna kitu ndani."

Aliikunjua. Ilikuwa ratiba ya zamu. Juu kulikuwa na jina la Alizeti ya Kusini, na chini, kwa mwandiko mwembamba uleule uliojaa faili la Gaspar, kulikuwa na neno moja: IMEFUTWA.

*

"Gaspar kaniletea Jumatano asubuhi," Naima alisema akiinua jiwe. "Kila wakibadilisha makaratasi yao ananiletea ya zamani. Mie nampa bagia. Kuna kosa, dada? Maana wengine wanafungiaga magazeti, wino unaingia kwenye chakula."

"Hakuna kosa. Jumatano una uhakika?"

"Jumanne ndo kafa Mudathir. Siku hiyo sikuuza, tulikuwa wote tumesimama hapa getini tunalia. Alikuwa anakula kwangu kila siku, na alikuwa na deni la sahani mbili ambalo sitalidai kwa mtu." Alishusha macho kwenye karai. "Jumatano nimekuja, hata moto sijawasha, Gaspar huyo na furushi. Nikamwambia, leo umewahi. Hakunijibu."

Inspekta alivaa glavu, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kuchambua. Ratiba. Tangazo la likizo. Ratiba. Nusu ya furushi ilikuwa imeshaliwa na wateja wa siku mbili, na kwa kila karatasi iliyotoka siyo, aliona jinsi hukumu ya mtu ilivyoweza kuondoka mkononi mwa fundi baiskeli yeyote aliyependa bagia. Bakari naye alipiga magoti, japo magoti yake yalilalamika.

Aliipata karibu na chini. Mwongozo wa Kusafisha Tanki la Mashapo. Toleo la 3. Hatua saba. Ya nne ilikuwa na mistari mitatu.

Bakari aliandika hati ya ukamataji wa kielelezo palepale juu ya kiti cha Naima, Naima akasaini kama shahidi, na mteja mmoja aliyekuwa anasubiri bagia naye akaombwa asaini.

*

Safari hii Inspekta hakuomba ruhusa ya kuingia. Aliagiza mitambo ya karibu izimwe, na ukimya ulioingia uliwafanya wafanyakazi wasogee mmoja mmoja wakijifanya wanapita. Bakari alipiga picha ubao kutoka mbele na kutoka ubavuni. Kisha Inspekta aliingiza vidole juu ya mfuko, akaichomoa karatasi ya toleo la nne taratibu, akaiweka kwenye bahasha.

"Kabla sijafanya hivi," alimwambia Edgar, "nithibitishie mbele ya koplo. Mfuko huu uliwekwa lini?"

"Nimeshasema. Mei."

"Na toleo la nne lilibandikwa lini?"

"Machi. Tarehe imeandikwa."

"Kwa hiyo mfuko huu, tangu uwekwe hapa mpaka leo, umebeba toleo la nne peke yake."

Kwa mara ya kwanza siku ile Edgar alikuwa anasikiliza swali zima. "Kimantiki, ndiyo."

Inspekta aliichomeka ile ya Naima. Ilishuka ndani ya plastiki ikiwa na alama ya mkunjo katikati na tone la mafuta pembeni. Alipoifikisha chini alisogea ili kila mtu aone.

Doa la kwanza lilikaa juu ya namba moja. La pili juu ya mbili, la tatu juu ya tatu, la nne juu ya nne. Kisha nafasi tupu pana, mistari mitatu, palepale kidole cha Sekela kiliporuka juu ya meza ya mahojiano. Halafu tano, sita, saba. Hakuna lililokwenda kando. Kwenye hatua tisa za toleo la nne madoa hayohayo yalikuwa yanaangukia ovyo, mengine katikati ya mistari, na hatua ya kupima hewa haikuwa imeguswa na mtu.

Mfanyakazi mmoja nyuma alisema "Allah!" kwa sauti ya chini.

"Watu hawa husoma kwa kidole," Inspekta alisema. "Kila wanaposafisha wanagusa kila namba, na mikono yao ina mafuta. Mfuko huu ulikuwa mpya mwezi wa tano, umesema mwenyewe. Tangu Mei hadi Jumanne hii vidole vimegusa hatua saba. Karatasi ya hatua tisa imeingia humu baada ya Mudathir kufa."

"Alama za mafuta!" Edgar alicheka, lakini kicheko kilikufa njiani. "Unapeleka mahakamani alama za mafuta na karatasi ya bagia?"

"Na kifaa ambacho nailoni yake hamjabandua. Na karatasi ya saini yenye matundu manne. Na karani aliyepeleka toleo la zamani kwa Naima siku moja baada ya kifo, wakati lilitakiwa liwe limeharibiwa Machi." Alimgeukia Gaspar. "Wewe una akili za kutosha, Gaspar. Unaona hili linamwangukia nani. Muhuri ni wako, mwandiko ni wako. Jina la meneja halimo popote."

"Gaspar, usijibu," Edgar alisema. "Wakili wa kampuni anakuja."

"Wakili wa kampuni," Gaspar alirudia. Alikuwa bado amekumbatia faili lake. "Siyo wangu."

Gaspar alikaa sakafuni chini ya ngazi ya chuma ya tanki, palepale wenzake walipomlaza Mudathir, akagundua alipokaa, akasimama haraka.

"Liliidhinishwa Machi kweli," alisema. "Nililichapa. Bosi akaniambia nisilitoe, nisubiri kifaa kinunuliwe, maana tukibandika karatasi inayotaka kifaa ambacho hatuna, wageni wataona. Nikaliweka kwenye droo. Kifaa hakikununuliwa. Kila mwezi nakumbusha, ananiambia kesho. Jumanne jioni akaniita. Kifaa kilikuwa mezani kwake, kimetoka dukani. Akasema, toa lile toleo, bandika. Nikamwambia tarehe. Akasema tarehe ni Machi, si imeandikwa Machi? Akasema sidanganyi kitu, natimiza kazi niliyochelewesha." Aliangua kilio kama mtoto, bila kuficha uso. "Mimi nilichukua la zamani nikaondoka nalo. Sikuwa nafikiri. Nilipeleka kwa Naima kwa sababu ndipo ninapopelekaga."

Edgar alitoa simu. Bakari, kwa upole wake uleule, aliichukua mkononi mwake na kumwambia atarudishiwa kituoni.

"Ulipolitoa kwenye droo," Inspekta alimuuliza Gaspar, "ulilibandika kama lilivyo?"

Gaspar alitikisa kichwa.

"Kulikuwa na mstari mmoja chini. Bosi aliniambia niufute, nichape upya." Alifungua faili, akachomoa karatasi kutoka mfuko wa nyuma kabisa, iliyokunjwa mara mbili. "Hii ndiyo ya Machi. Nilishindwa kuitupa."

Inspekta aliisoma mpaka chini, akaurudia ule mstari wa mwisho. Kisha, mbele ya watu wote, alimtolea Edgar tusi la Kihaya ambalo Bakari hakulielewa na hakuuliza.

*

Mwendesha mashtaka alilisoma jalada akiwa amesimama kwenye korido ya mahakama, akalifunga, akasema hakuna atakayesomewa kitu leo, na kwamba kesho angetaka kumwona huyo meneja. Sekela alikuwa kwenye benchi la mwisho, kati ya askari wawili, bado peku. Inspekta alimwambia askari mmoja akamletee viatu, akaketi pale askari alipoondoka.

"Unarudi nyumbani, mama," alisema. "Kuna maelezo utakuja kuandika, lakini leo unalala kwako."

Sekela alimtazama bila kuamini. "Mmeiona ya zamani?"

"Tumeiona. Hatua saba, ya nne ina mistari mitatu." Alifungua bahasha, akaweka karatasi ya Machi juu ya mapaja ya Sekela. "Hii ndiyo iliyokuwa kwenye droo. Nilitaka uione mimi nikiwepo, kabla hujaisikia kwa watu."

Sekela aliweka kidole kwenye namba moja. Alisoma kwa midomo bila sauti, akashuka ya pili. Kwenye ya tatu kidole kilisimama. Pima hewa kwa kifaa. Kikilia, hakuna kushuka.

"Haya ni maneno yangu," alisema. "Kikaoni nilisema hivihivi. Kikilia, hakuna kushuka."

Inspekta alimwonyesha mstari wa chini kabisa. Mabadiliko yamependekezwa na: Sekela Mwaipopo, msimamizi wa zamu. Yameidhinishwa: 3 Machi.

Sekela aliusoma. Korido ilikuwa imejaa watu, wakili mmoja alikuwa anagombana na mteja wake kuhusu nakala, na mahali fulani mtoto alikuwa analilia maji. Yeye hakusikia chochote kati ya hivyo.

"Walikubali?" aliuliza. "Machi? Mbona hawakuniambia?"

Inspekta Kokushubila alipokea viatu kwa askari aliyerudi, akaviweka karibu na miguu ya Sekela.

Sekela alirudisha kidole kwenye namba ya tatu, akakiacha hapo.

"Jumanne msomaji alikuwa Mudathir," alisema. "Alikuwa anapenda kusoma yeye. Hakuwa anaruka hata neno. Angeisoma, afande. Ingekuwepo pale, angeisoma."